Siku Kompyuta Yangu Ilipowaalika Watu Kula

Jamani, haya sijamwambia hata mama yangu mzazi, na akijua atakuwa ameyapata kwenu, lakini nimechoka kuchekea jikoni peke yangu kama mwehu, kwa hivyo kaeni niwasimulie nilivyojiaibisha mbele ya chama kizima cha wakulima wa maembe pale Kakuyuni.

Kazi yangu mnaijua, naandika programu za kompyuta, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya maana. Chama kilikuwa kinakaribia kuvunjika. Lori la mnunuzi likija, habari zilipita kwa mdomo, wa Kakuyuni wakizipata mapema kwa kuwa ndiko linakoegesha, wa kijiji jirani cha Jilore wakizipata wenzao wameshapakia, na maembe yao yakawaozea, basi wakaapa kwamba wanafichwa makusudi na hata vikaoni wakawa wanakaa upande wao. Mwenyekiti, Mama Kadzo (mama wa watu, hajui kupaza sauti), ndiye aliyewabembeleza wanijaribu: programu yangu itume ujumbe kwa simu za wanachama wote kwa mpigo mmoja, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho. Wakiikubali, chama kitabaki kimoja. Wakiikataa, wa Jilore walikwishasema wanakwenda kuanzisha chao.

Sasa sikieni ujinga wangu. Mimi nafanyia kazi barazani kwa shangazi, Malindi, na kila mzee apitaye lazima umwamkie na umpe mkono, tena wa kulia, maana ukimpa wa kushoto umemtukana mama aliyekulea. Ikawa kila saa naiacha kibodi. Nikajiona mjanja: ile programu ninayoandikia kazi zangu inakuruhusu kubadilisha njia za mkato, yaani vile vitufe viwili unavyobonyeza pamoja ili jambo lifanyike haraka, basi nikazihamishia zote upande wa kushoto, wa kulia uamkie watu na wa kushoto uendelee na kazi. Ya kufuta mstari mzima nikaipa Kontroli na D. Ya kuendesha programu, ambayo naitumia mno, nikaipa Kontroli na Z. (Wajuao naona wameshashika vichwa. Kontroli na Z, ulimwengu mzima, ndiyo ya kurudisha ulichokosea. Kompyuta yenyewe ilinionya kwamba vitufe hivyo vina mwenyewe, nami nikajibu najua, huyo nitamtafutia mahali baadaye. Sikumtafutia.)

Siku ya siku ikafika. Ukumbi umejaa, Kakuyuni huku, Jilore kule, projekta inaonyesha kazi yangu ukutani, na kabla sijafungua mdomo akaja Mzee Charo, msemaji wa Jilore, ambaye sikio lake moja ni zito na subira yake kwa mashine ni ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo kwenu?"

"Hatujambo."

"Wazee wako hawajambo? Na shangazi? Na mvua huko Malindi?"

Mkono wangu ameushika, hauachii, na mtu mwenye adabu hauvuti. Mimi nami, kwa kutaka kuonekana fundi, wa kushoto nimeuacha palepale kwenye kibodi. Nilipojibu habari za mvua hakusikia, akanivuta karibu na lile sikio zima, nikainama, na uzito wangu wote ukaishia kwenye Kontroli na D. Ukutani mistari ikaanza kupotea mmoja baada ya mwingine. Ukumbi ukasema "Aaah!" na kuna mtu alipiga makofi.

"Imenyesha, mzee," nikasema kwa sauti, huku kazi yangu inafutika.

Vidole vikatangulia akili. Kontroli na Z! Badala ya kurudisha, programu ya ujumbe ikaanza kazi, na katika mistari iliyofutika ulikuwemo ule unaoiambia kwamba majaribio yote yaje kwa simu yangu tu. Simu zikalia ukumbi mzima, mifukoni, vikapuni, hata moja ndani ya leso ya Mama Kadzo. Ujumbe wa majaribio nilikuwa nimeuandika barazani njaa ikiniuma, na chini yake jina la chama hujiandika lenyewe: "Chakula kiko tayari. Njooni mle."

Nikaingiwa na kiwewe nikabonyeza tena Kontroli na Z. Simu zikalia tena.

Ndipo nilipofungua ile orodha ya njia za mkato, mbele ya watu, kuitafuta ya kurudisha imekwenda wapi, nikaikuta ipo na jina lake na mbele yake pamebaki patupu, haina kitufe hata kimoja. Nikamwendea Mama Kadzo, nikamwambia nisamehe mama, nipe nafasi nitume ujumbe mwingine niwaambie ni makosa.

Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Mtu umwite kula, halafu umwambie rudi? Hapa kwetu hilo halipo, mwanangu. Wewe kukuna nazi unajua?"

Najua. Akajifunga leso kiunoni, akawapeleka wanawake kwenye vyungu, na mimi nikakalia mbuzi na kukuna nazi hadi viganja vikawaka moto, huku wanachama waliobaki mashambani wanaanza kuingia, kwa bodaboda na kwa miguu, huyu na kuku wake, huyu na mchicha, huyu na mbaazi, maana nani anaalikwa akaenda mikono mitupu. Mzee Charo alikaa mlangoni akiwatazama, hadi alipoingia mkewe kutoka shambani Jilore na sufuria kichwani.

"Nani alikuja kukuita?" akamwuliza.

"Hakuna. Simu ililia."

"Saa ngapi?"

Mama yule akamwonyesha. Mzee akaitoa yake, akaziweka mbili bega kwa bega, akaziangalia muda mrefu. Kisha akawageukia watu wake: "Saa ni ileile. Tumeupata pamoja nao. Hata kwa makosa, tumeupata pamoja." Akaenda akakaa kwenye sinia la watu wa Kakuyuni, akanawa, akala. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, na nilimwona Mama Kadzo akigeuka ukutani kujifuta macho na ncha ya leso.

Mimi njia zangu za mkato nimezirudisha zote kama zilivyotoka kiwandani, na naapa sitagusa tena kitufe chenye mwenyewe. Mzee akija nasimama, nampa mkono, kazi ingoje. Ila Mama Kadzo sijui nitamlipa nini. Angeweza kuniaibisha mbele ya watu wote wale, naye akanikabidhi nazi.

Msimu ulipofika nikatuma ujumbe wa kweli, kwamba lori linakuja kesho asubuhi. Wakaja, wa Jilore na wa Kakuyuni, na maembe yao, na wengi wao, wallahi, wamebeba na sahani.

Safari hii nilikuwa nimepika.