Barua Sita za Baba

Kompyuta yangu kule Kinoru nilikoishi ilikuwa kuukuu, kwa hivyo barua pepe nilizisoma kwa kuandika amri kwenye skrini nyeusi. Ilinipa orodha tu: jina la mtumaji, na maneno machache ya kwanza ya kichwa cha barua.

Baba, mkulima wa Kanyakine, aliandika barua yake yote pale pa kichwa. Tena alianza kwa heshima zake zote: salamu nyingi katika jina la Bwana, sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Salamu zilijaza mstari, habari yenyewe ikakatwa. Barua zake sita zikaonekana kama moja. Nilikasirika, nikadhani kule saiba, kwenye kompyuta za kulipia alikoandikia, wamerudia kutuma barua ileile. Kwa amri moja nikafuta tano, na ya mwisho sikuifungua.

Desemba nilienda nyumbani nikakuta kahawa aliyopanda marehemu mama imeng'olewa yote. Sikumwuliza baba kitu. Niliporudi Kinoru niliifungua ile barua, nikazipita salamu.

"Hii ni mara ya sita nakuuliza. Kahawa ya mama yako niing'oe au niiache? Ukinyamaza, nitajua umekubali."