Maharagwe Makavu

Baba yangu alifundisha fizikia Kenya miaka mingi, akaja Maryland, Amerika, akawa mlinzi wa maegesho ya magari. Shule za huku hazikuvitaka vyeti vyake. Basi darasa lake lote likawa mimi, binti wa darasa la tisa nisiye na pa kukimbilia, katika fleti yetu ya Laurel.

Somo la densiti tulilimaliza salama. Alitia yai kwenye glasi ya maji, likazama. Akakoroga chumvi ndani, likaelea. Nikamweleza kwamba yai halijabadilika, ila maji yale yale sasa ni mazito zaidi kwa ujazo ule ule. Nilieleza vizuri, najua. Akalitoa yai, akalifuta, akasema, "Umekariri. Hujaelewa." Kisha akalichemsha akalila.

Nilitaka kitu kimoja tu kwa mtu yule: aseme "umeelewa." Mara moja ingetosha. Nilipomletea A ya shuleni, alisema walimu wa huku wanagawa A kama peremende.

Somo la presha lilituangukia Jumapili. Kwetu, baada ya ibada wageni huja kunywa chai, na mtoto wa nyumba huitwa kutoka chumbani awasalimie na aonyeshe anachojua. Watoto wa wenzetu waliimba pambio. Mimi Baba alinimwagia sakafuni maharagwe makavu, yale aliyokuwa ameyachagua Mama ya kuchemsha na mahindi yawe githeri, kabla ya kwenda kazini, akaniamuru nipige magoti juu yake.

"Haya, waambie wageni presha ni nini."

"Ni kani ukigawanya kwa eneo, Dad. Same weight, smaller area, so..."

"Kwa Kiswahili! Tena umekariri."

"Dad, please. Inauma."

"Kuuma si jibu. Rudia."

Mgeni mmoja, mama muuguzi, akasema, "Mwalimu, achana na mtoto. Hapa ni Amerika, utafungwa bure!" Wakacheka wote. Baba akacheka kuwashinda, akasema samaki mkunje angali mbichi, akampitishia sahani ya mandazi. Hakuna aliyeniinua. Nawachukia wale watu mpaka leo, mmoja mmoja, na mandazi yao. Nilirudia mpaka chai ikaisha, na nilipoinuka maharagwe mengine yaliinuka nami, yamenata magotini.

Sasa Baba amepooza upande mmoja. Mama bado anatunza wazee wa watu huko Lanham, kwa hiyo mchana mzee wetu ni wangu. Kisigino chake kimeanza kuwa chekundu, maana mguu usiojisogeza hulalia kipande kile kile kidogo kutwa nzima. Dawa yake ni kuweka mto chini ya shavu la mguu, kisigino kisiguse godoro. Muuguzi anayetumwa na hospitali kumwona alinionyesha. Mimi wa kuonyeshwa hilo!

Juzi alininyooshea mkono wake ulio mzima, akionyesha mto ulioanguka sakafuni. Nikauokota, nikasimama nao mbali kidogo na kitanda.

"Presha ni nini, Baba?"

Alidhani natania. Akatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki, akaona mimi sitabasamu. Akajibu. Mdomo umempinda, lakini alitoa neno kwa neno, kama alivyokuwa akiliandika ubaoni: kani ukigawanya kwa eneo.

"Umekariri. Rudia."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi nilitaka kuuona ukimwingia mwenyewe. Machozi yakamtoka yakaingia sikioni.

"Inauma," akasema. "Inauma, mama."

Baba wengine huwaita binti zao mama tangu wanapozaliwa. Yeye hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

"Sasa umeelewa," nikamwambia.

Neno lile lilikuwa limesemwa nyumbani kwetu hatimaye, na aliyelipata ni yeye. Mto niliendelea kuushika.