Mistari Iliyonyooka Juu ya Nyumba ya Binti Yake

Saa moja asubuhi, juu ya kilima cha kifusi cha mgodi uliofungwa, mama mmoja ameinama na jembe. Anachimba mtaro ambao hakuna aliyemtuma kuuchimba. Kila baada ya kupiga jembe mara chache anatazama mawingu.

Wenzake wanamwita Mama Kamba, kwa sababu ya kifaa chake: miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, katikati unaning'inia uzi wenye jiwe. Uzi ukitulia kwenye alama iliyochorwa kwenye mti wa kati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Hapo anachomeka kijiti, anasogea.

Kwa miaka sita amepanda nyasi hapa, mistari ikikizunguka kifusi, ili maji yakishuka yakute kizuizi. Mwezi uliopita yakaja maagizo kutoka ofisi ya mgodi: mistari inyooke, kutoka juu hadi chini. Nyasi zikang'olewa, zikapandwa hivyo.

"Eti wageni wakipita barabarani waone kazi imepangika," anasema, akicheka bila furaha. "Nikamwambia bosi, baba, hiyo si mistari, hiyo ni mifereji. Akaniuliza nimesomea wapi."

Bosi kasoma, sawa. Ila analala mbali. Wakubwa siku zote hulala mbali.

Juma lililopita mvua ilinyesha dakika ishirini tu. Ikaacha korongo la kufika magotini, na tope likasimama hatua thelathini kutoka nyumba ya mabati iliyo chini ya kifusi. Humo anaishi binti yake, na mtoto wa wiki tatu.

"Nimemwambia ahamie kwangu. Ananijibu, 'Mama, chumba chenyewe kimoja, baba mtoto tumtundike ukutani?'"

Msimamizi anapanda, anahema. "We mama, nani kakutuma?"

"Hakuna, kaka. Hebu nishikie huo uzi, upepo unauchezea."

"Mimi hapa sijaona kitu," anasema msimamizi, macho yake kwenye nyumba ile. Lakini uzi anaushika, dakika nzima, ndipo anashuka.

Mtaro utapita juu ya korongo, uyapeleke maji pembeni, kwenye mawe. Zimebaki mita kumi na nane. Anataka kumaliza kesho jioni, mvua ikimpa nafasi, kisha apande nyasi upya kwa kuzunguka.

"Wakitaka kunifukuza, wanifukuze," anasema, akitemea viganja mate. "Ila waje keshokutwa. Kesho nina kazi."