Nilimchagua mpiganaji aliyeficha uso, dada akamchagua mzee anayesalimia

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Kuna jamaa kaandika humu kwamba ukitaka kumjua mtu, tazama anamchagua nani kwenye gemu. Wengi mmemcheka. Mimi sikucheka, maana yalinikuta, na nitayasimulia bila kuongeza chumvi.

Ni miaka ile biashara zimefunguliwa, maduka ya Sumbawanga yamejaa redio na runinga. Shule niliachia darasa la sita. Nikaanika dagaa Kirando, nikapakia mabasi Namanyere, mwisho nikaangukia kibanda cha gemu mjini. Kazi yangu kuwasha mashine na kufundisha wageni.

Kwenye gemu ya ngumi nilikuwa namchagua mwenye kinyago tu. Mwepesi, anapiga anakimbia. Washikaji wakaniita Kinyago.

Jumamosi moja akaingia Dada Ester, mkubwa wangu, katoka nyumbani Msanzi. Miaka mitatu hatujaonana. Niliondoka bila kuaga mtu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kumbe uko hai. Baba macho yamekwisha, haoni. Kila siku anakuuliza. Kesho twende."

Nikasema nina kazi. Ili tubadilishe mazungumzo nikampa pedi ya kuchezea gemu tucheze.

Akamchagua mzee wa ndevu nyeupe, ambaye hakuna aliyemtaka kwa uzito wake. Kabla ya pambano yule mzee huinama kusalimia, taratibu kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kuruka salamu ili pambano lianze, kama kawaida.

"Mbona umemkata? Alikuwa anasalimia."

"Dada, hapo huwa tunaruka."

"Ndivyo ulivyoondoka nyumbani. Uliruka. Na huyu wako kaficha uso, kaiba wapi?"

Kibanda kizima kikacheka. "Kinyago, leo umepatikana," akasema mmoja.

Tukaanza upya. Nikamwacha mzee ainame mpaka amalize. Wakati nasubiri nikajiuliza kwa nini nampenda yule mwenye kinyago. Jibu nililijua. Kila mwaka ulivyopita, uso wa kupeleka nyumbani ulizidi kuwa mzito kwa aibu.

Kesho yake tukaenda.

Kwetu Ufipa mzee humsalimii umesimama. Unachuchumaa, unapiga makofi polepole. Baba alikuwa kakaa ukutani anaota jua. Dada hakumwambia kaja na nani. Nami sikujitaja, nikachuchumaa nikapiga makofi.

Akageuza kichwa.

"Ester, nani huyo?"

Nikataka kuacha makofi.

"Endelea," baba akasema.

Nikaendelea. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha mkono, akanipapasa uso kuanzia paji hadi kidevu.

"Umekula?"

Basi, wakuu, hakuuliza lingine siku ile.

Sisemi gemu inajua siri za watu. Nilichojifunza ni kwamba ukimchagua mtu yuleyule kila siku, jiulize anakufanyia kazi gani ambayo wewe unaikwepa.

Siku hizi namchagua mzee. Vijana wananichapa vibaya, lakini salamu siruki.

Nanyi mnamchagua nani, na mliwahi kujiuliza kwa nini?