Kuku Juu ya Pakiti ya Omena

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Najua mnanunua vitu kwa macho. Mnaona pakiti inang'aa, mnaitupa kwenye kikapu, mnakwenda. Sisi tulizoea kununua kwa vidole na kwa meno. Shule niliiacha mapema, kugawanya sikufika, lakini pakiti niliwahi kuisoma, na ilitaka kutuharibia kazi ya nyumba nzima.

Sisi ni watu wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Boma letu liko upande wa Kisian, si mbali na maji. Wavuvi wakirudi asubuhi tunanunua mbichi, tunaianika juu ya wavu mkuukuu uliotandazwa kwenye meza za miti, isiguse mchanga. Sokoni mnunuzi haulizi maswali. Anachukua kidogo kwenye rundo, anaangalia tumbo. Likiwa linang'aa kama kijiko kipya, anajua ilikauka kwa jua moja. Halafu anatafuna. Mchanga ukilia kwenye meno, anatema hapo hapo mbele yako na kuhamia kwa jirani. Asipotema, anasema, "Pima." Hivyo ndivyo nilivyouza mpaka magoti yakakataa, na mke wa mwanangu akachukua meza yangu.

Sasa huyo mke wa mwanangu alipata mimba, na mimba hiyo ilimsumbua. Kubeba beseni kichwani kulimshinda. Kukaa juani kulimvimbisha miguu mpaka viatu havikuingia. Akawaza peke yake, kisha akatuambia: tutie omena kwenye pakiti, ikauzwe dukani, yeye abaki nyumbani akifunga. Akaenda kuongea na mwenye supamaketi moja ndogo kule Migosi. Yule bwana akampa nafasi kwenye rafu, lakini akamwambia wazi, "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Isipotoka, kuna mtu wa sabuni anaitaka nafasi hiyo." Kwa hiyo sote tulijua. Isipotoka, atarudi sokoni na miguu ile, na baadaye na mtoto mchanga mgongoni.

Pakiti alienda kutengenezewa na kijana mmoja wa kuchapisha mjini. Walijaribu kuweka picha ya omena, ikaonekana kama misumari. Kijana akamwonyesha picha nyingine alizokuwa nazo, na mke wa mwanangu akapenda moja ya boma: nyumba, mti, na mbele kabisa kuku mwekundu amesimama kifua mbele.

"Inaonyesha kitu cha nyumbani, Mama," akaniambia. "Watu wa mjini wanapenda vya kienyeji."

Pakiti yenyewe ilikuwa ya manjano, nzito, haionyeshi ndani. Nikaigeuza mkononi, nikamwambia kuku amenona. Nilichoona ni hicho tu.

Tukapeleka. Wiki ikapita, mwanangu akaenda kuangalia, akarudi na uso mrefu. Zimekaa tu. Mke wake akaendelea kuchagua omena kwenye ungo, lakini niliona mikono yake imepoa. Kesho yake nikavaa gauni langu la kanisa nikaenda Migosi mwenyewe.

Rafu ya chakula niliipekua yote, sikuona kitu chetu. Msichana wa duka akaniita bibi kwa lugha ya kwetu, akaniuliza, "Dani, unatafuta nini?"

"Natafuta omena yangu."

"Ile ya kuku? Iko kule nyuma."

Nikaenda nyuma. Pakiti zetu zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa, zimebanana na mifuko ya chakula cha kuku. Aliyepanga aliona kuku, akapeleka kwa kuku. Na sikuweza hata kumkasirikia, maana huku kwetu kila mtu anajua omena mbovu inasagwa ikawa chakula cha kuku. Nikiwa bado nimesimama, bwana mmoja akachukua pakiti, akaniuliza, "Mama, hii ni ya kuku wa mayai ama wa nyama?"

"Ni ya watu," nikamwambia.

"Watu gani?"

"Watu kama wewe."

Akacheka, akairudisha pale pale. "Basi huyu kuku anafanya nini hapa?"

Nikamwambia msichana tuzihamishe mbele, karibu na unga wa ugali. Tukahamisha. Nikakaa juu ya kreti ya soda karibu na mlango, niangalie kama shida ilikuwa ni mahali tu. Wakaingia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mtu wa sokoni kabisa, nilimjua kwa mikono. Akachukua pakiti, akaitikisa, akainusa kwenye kona, akaibonyeza, akaiinua kwenye mwanga aone ndani. Hakuona. Ndipo akamtazama kuku.

"Wewe, huyu ndiye alikuwa anatembea juu ya omena ikianikwa," akamwambia mwenzake. "Muone alivyoshiba!"

"Na kama amekula zote, ndani wamefunga nini?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakachukua unga wakaenda. Mimi pia kicheko kilinipanda, lakini nikakumbuka ile miguu iliyovimba, kikashuka.

Nyumbani nikawaeleza yote, sikupunguza. Mke wa mwanangu akainamisha kichwa. Mwanangu, ambaye kunyamaza hakuwezi, akasema, "Rahisi. Tuandike chini ya kuku: chakula cha binadamu."

"Umewahi kuona mkate umeandikwa ni wa binadamu?" nikamuuliza. "Ukiandika hivyo ndiyo unawafundisha kuogopa."

Ndipo mke wake akainua kichwa. "Mama, yule mwanamke alifanya nini hasa na mikono? Nionyeshe."

Nikachukua pakiti, nikaitikisa, nikainusa, nikaibonyeza, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Alikuwa anatafuta tumbo," akasema.

Akainuka kwa shida, akachukua karatasi ya mkate, ile nyembamba ya kuona ndani, akaimiminia omena, akaisimamisha mlangoni. Matumbo yote yakang'aa.

Alipata mifuko mingine, migumu, ya kuona ndani pande zote. Kuku akastaafu. Badala ya picha akaweka kibandiko kidogo cheupe kwenye kona ya chini, chenye jina la omena na maneno haya: "Imeanikwa juu ya wavu." Nilimwambia hapo amepatia, maana hayo ndiyo watu wanayatafuta kwa meno. Mwenye duka naye akakubali pakiti moja ikae wazi pale mlangoni, anayetaka kuonja aonje.

Kazi iliongezeka, nisiwafiche. Pakiti ya manjano ilikuwa inaficha. Hii haikuficha hata jani. Ilibidi tuchague tena na tena, tutoe vilivyovunjika, takataka za ziwani, kila kitu. Lakini ilitoka. Kabla mwezi haujaisha mwenye duka alipiga simu mwenyewe akisema tulete nyingine, na mtu wa sabuni akatafutiwa kwingine. Mtoto akazaliwa, msichana, mnene. Mama yake akawa anafunga pakiti kivulini, mtoto amelala kando yake, na viatu vikaanza kuingia tena. Jioni nilikuwa naketi nao nikichagua omena, naona raha, ingawa sikuwaambia.

Halafu mvua ikatushika mchana, omena ikiwa nusu kavu. Tulikimbia na maturubai, tukachelewa. Nyingi iligeuka rangi ya udongo. Haikuoza, ilipoteza uso tu. Na mwenye duka alikuwa anangoja mzigo kesho.

Mwanangu akashika kibandiko, akakigeuza geuza. "Mama, hiki kikiwa kikubwa kidogo, hizi za mvua zinakaa nyuma yake na zile nzuri zinakaa mbele. Nani ataona?"

"Mnunuzi ataona, akimimina kwenye sufuria yake."

Mke wake aliniangalia, mtoto akinyonya. Nilijua anaogopa rafu kukaa tupu, na nilijua pia hataki kufanya hivyo. Nikamwambia ampigie mwenye duka, amwambie mvua imetupiga, mzigo utakuja mdogo, mpaka jua lirudi. Yule bwana akanung'unika kidogo, kisha akasema sawa, leteni iliyo nzuri tu.

Ndipo nikasimama katikati ya nyumba nikawaambia wote: "Kibandiko kisiongezwe hata upana wa ukucha. Hii ya mvua iingie jikoni, tutaila sisi mpaka iishe, na nisisikie mtu ananuna mezani."