Watu wa Mfereji

Harufu ya tope lililofukuliwa asubuhi, ikichanganyika na ya majani ya mgomba yaliyooza, mpaka leo hunirudisha kwenye mfereji uliopita shambani kwa bibi yangu, kwenye miteremko ya Meru, enzi za Wadachi, yaani Wajerumani. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa watu wa mfereji walitoka na majembe kuuzibua, na aliyechelewa alitozwa mtungi wa pombe ya ndizi. Aliyewaongoza ni Mzee Mbise, kama babake na babuye. Mimi nilikuwa binti wa miaka kama kumi, ndiyo kwanza najua kusoma, kichwa kimejaa ndoto.

Mwaka ule mlowezi aliyefungua shamba juu yetu aliyataka maji. Karani wa boma, mtu wa pwani, akaja na daftari. Wazee hawakujua Kiswahili, basi nikaitwa nitafsiri.

“Shikamoo, bwana karani.”

“Marahaba, binti. Waulize: chama chao ni kongwe? Chama kongwe kitaachiwa maji yake.”

Ningemwuliza Mzee Mbise, angetaja waliomtangulia mpaka jua lizame. Lakini nilitaka karani aone nimesoma. Shuleni mwalimu alizisifu kampuni kongwe za Ulaya, na kwenye picha zake kila moja ilikuwa na nyumba ya mawe. Nikajibu mwenyewe, kifua mbele: “Hapana, bwana. Kongwe ni chenye nyumba ya mawe na vitabu. Sisi tuna majembe tu.”

Karani alicheka mpaka akafuta machozi. “Haya, mwalimu!” Akaandika.

“Amesemaje?” akauliza Mzee Mbise.

“Amefurahi,” nikasema.

Maji yakageuzwa kwenda kwa mlowezi. Tukabakiziwa siku moja kwa juma, na watu wakaamini ni mimi niliyewaombea. Bibi alibeba maji ya migomba yake kichwani kutoka mtoni hadi alipofariki, akimlaani karani. Sikumwambia.

Sasa Wadachi wameondoka, shamba lina mzungu mwingine, na kibao cha kampuni ya yule mlowezi wa kwanza kimeng'olewa langoni. Watu wa mfereji bado wanatoka kabla ya mvua. Nikisikia mtu akisema “chama kongwe”, naiona migongo yao imeinama mtaroni.

Mwaka huu nilichelewa. Mzee Mbise, macho yamefifia, akaita: “Mtozeni mwalimu wetu! Lakini taratibu, huyu ndiye aliyetusemea.”

Nilileta mitungi miwili. Wakaniuliza wa pili ni wa nini. Nikashika jembe, nikashuka mtaroni.