Maji ya Chumvi Nyuma ya Jiko

Mjukuu wangu alileta bahari nyumbani kwangu kwa madumu. Basi lilishusha maji ya chumvi kutoka Tanga, kiroba cha mchanga mweupe, na mawe yaliyofungwa kwenye magazeti yaliyolowa. Watu wa kituoni wakauliza kama huku Lushoto maji yamekwisha. Nikawaambia huyu msichana amesomea samaki, na kuna mwenye hoteli anataka sanduku la kioo la samaki wa baharini pale mapokezi. Hili la kwangu ni la kujaribia. Nilisema kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma.

Akaliweka chumbani kwangu, ndiko kwenye soketi nzima. Akatandaza mchanga, akapanga mawe, akamimina maji, akachomeka pampu, taa ya bluu na kile kijiti cha kupasha maji, maana baridi ya kwetu samaki wa pwani hawaiwezi. Kisha tukakaa wiki kadhaa tunatazama maji matupu.

"Mawe yana uhai, Bibi. Lazima yatulie kwanza."

Kutulia kwenyewe kulikuwa kunuka. Nililala na harufu ya kitu kilichokufa nisichokiona. Chumvi ikaota ukingoni mwa kioo kama ukoko. Walipofika samaki wawili, rangi ya chungwa na mikanda myeupe, mmoja alisimama akanitazama kama mtu anayejua jambo langu.

Kila wiki mjukuu wangu alichota maji ya zamani, akaweka mapya. Ya zamani aliyamwaga nyuma ya jiko, kwenye mfereji mdogo unaoshuka hadi kishimo cha jirani yangu. Humo ndimo jirani anachota maji ya kumwagilia kitalu chake cha kabichi. Hayo sikuyaunganisha.

Magimbi yangu ya kando ya mfereji yakaanza kukauka kutoka nchani, kama yaliyopitiwa na moto. Kisha jirani akaacha kupita uani kwangu. Bombani wanawake wakanyamaza nilipofika, halafu wakanipa shikamoo yenye adabu iliyozidi. Adabu hiyo naijua. Mimi ni mjane, macho yangu mekundu kwa moshi wa kuni, na sasa dirisha langu linawaka bluu. Mwanamke wa aina hiyo akishaitwa mchawi huku mlimani, hakuna wa kumfutia. Nilimwona mmoja zamani. Watoto walivuka barabara wasikanyage alipokanyaga.

Nikashuka kwa jirani mwenyewe, mchana kweupe. Kitalu kizima kilikuwa kimelala, miche kama nywele zilizoungua.

"Onga mshi," nikamsalimu.

Hakuitika. "Umekuja kuangalia kazi yako, dada?"

Nikachovya kidole kishimoni, nikaonja. Nikajua. "Chovya na wewe."

"Nionje kitu chako? Kichwa changu bado kizima."

"Mimi nishameza. Tukifa tutazikwa pamoja."

Akaonja, akatema. "Chumvi."

"Ya mjukuu wangu. Anajua samaki, kulima hajui. Njoo uone."

Akapanda, akasimama mbele ya kioo. Mjukuu wangu akapiga magoti, akamwomba radhi, akaahidi kumpa miche ya kwetu na kutomwaga tena mferejini.

Jirani akacheka. "Kumbe hawa ndio walionimalizia kabichi. Hata kitoweo hawatoshi."

Bombani aliwaeleza wenzake, na shikamoo zikarudi kuwa za kawaida. Nikapumua.

Ila siku ile, kabla ya kuondoka, aliomba maji ya zamani kidogo kwenye chupa. Ya kukanda mguu, alisema. Mjukuu wangu akamjazia kwa moyo mweupe. Wiki iliyofuata akaja na dumu. Mguu mmoja, dumu zima. Nikamchungulia akienda: hachechemei.

Kuna mwanamke ng'ambo ya bonde anayegombana naye kuhusu mpaka wa shamba. Juzi nimesikia maharage ya mwanamke huyo yameanza kuungua nchani. Bombani sasa wote wanajua ni nini kinachounguza hivyo, na kinatoka nyumba gani.

Samaki wanaishi, wananawiri, na mwenye hoteli anakuja Jumamosi kuwaona.

Leo jirani amerudi. Nasikia dumu lake likigonga ukuta. Nikimpa, ni shamba la mtu. Nikimnyima, yeye ndiye aliyenisafisha kule bombani, na mdomo ni uleule.

"Hodi, dada," anasema. "Najua upo. Taa yako inawaka."